Wacheni Kututukana na Panya wa Calhoun

Kuna video moja imeanza kuzunguka tena, na najua mmeiona. Sauti nzito, muziki wa kutisha, panya weupe wamejazana kwenye sanduku. Msimulizi anakwambia kuna mwanasayansi aliwapa panya kila kitu, chakula, maji, nyumba na usalama, na bado wakaharibika. Wakaacha kuzaa. Madume wakakaa tu wanajilamba manyoya siku nzima. Mwisho wakafa wote. Halafu video inakugeukia wewe: hawa ndio vijana wa leo. Simu, nywele, picha za kioo, kazi hawataki, familia hawataki.

Hiyo video imefika mpaka kwa grupu za familia. Mjomba anaituma saa kumi na moja asubuhi na maneno mawili tu, "Someni, watoto." Na wiki hiyo hiyo kuna jamaa mwingine mwenye misuli na kipaza sauti, anakuuzia kozi ya "funga ya dopamini." Ati umeharibu ubongo wako kwa raha, sasa mtumie pesa akutengeneze.

Mimi nimechoka na hawa watu wawili, mjomba na jamaa wa misuli. Na nataka kuwajibu kwa kutumia panya hao hao, kwa sababu nimesoma walichofanyiwa. Msimamo wangu ni huu, na nauweka mapema ili tusipotezeane wakati: karibu kila jaribio kubwa la panya wanalotutukana nalo lilikuwa linapima kizimba. Mtafiti alibadilisha mahali panya anakaa, halafu akaangalia ubongo na tabia vinafanya nini. Sasa mtu anachukua matokeo hayo, anafuta kizimba chote, anamwachia panya lawama. Huo ni uongo, na kuna watu unawafaidi.

Tuanze na hiyo video.

Mwanasayansi ni John B. Calhoun, Mmarekani, alifanya kazi na taasisi ya serikali yao ya utafiti wa afya ya akili. Mwaka wa 1968, mwezi wa Julai, alichukua panya wadogo wanane, jozi nne, akawaweka kwenye sanduku la upana wa karibu mita mbili na nusu kila upande. Akaliita Universe 25. Chakula hakiishi, maji hayaishi, paka hakuna, magonjwa yamedhibitiwa. Wakazaana haraka sana, baadaye wakapunguza kasi, wakafika kilele cha panya 2,200 hivi. Kuanzia siku ya 600 hakuna mtoto mwingine aliyezaliwa akaishi. Hapo video haidanganyi.

Lakini kuna namba moja video haikupi. Sanduku lilijengwa na viota vya kutosha panya 3,840. Walipofika kilele, bado kulikuwa na nafasi ya zaidi ya panya elfu moja na mia sita. Nyumba zilikuwepo. Chakula kilikuwepo. Sasa shida ilikuwa nini?

Calhoun mwenyewe alieleza. Porini, panya kijana akikosa nafasi kwao, anahama. Anatafuta pengine. Kwenye sanduku kuta zilikuwa za kumzuia asitoke, na alizijenga Calhoun. Panya wakubwa walikuwa wameshika nafasi zote za maana kwenye ile jamii, na hawakufi mapema kwa sababu hakuna wa kuwaua. Vijana wakakua, wengi kuliko nafasi zilizopo. Wakajaribu kuingia, wakapigwa. Wakajaribu tena, wakapigwa. Mwisho wakaenda kukaa katikati ya sakafu, kundi kubwa lisilo na kazi wala mahali, wakawa wanaumana wenyewe kwa wenyewe. Wale "warembo" wa kujilamba manyoya walikuja baadaye. Walizaliwa ndani ya hiyo fujo, mama zao wakishambuliwa kwenye viota, na hawakuwahi kuona panya mtu mzima akiishi maisha ya kawaida.

Soma hiyo aya tena polepole. Mlango wa kutoka umefungwa. Nafasi zimeshikwa na waliotangulia. Vijana wamepigwa kila wakijaribu kuingia. Kama unataka kulinganisha hilo sanduku na Kenya, sawa, tulinganishe. Lakini basi linganisha lote. Usichukue panya anayejilamba ukaacha aliyemfungia mlango.

Na kuna jaribio la Calhoun la kabla ya hapo ambalo hakuna mtu anatengeneza video yake. Hili alilichapisha mwaka wa 1962, na lilitumia panya wakubwa. Chumba kimoja alikigawa vizimba vinne vilivyopangwa kwa mstari, vimeunganishwa kwa ngazi ndogo. Cha kwanza na cha pili, cha pili na cha tatu, cha tatu na cha nne. Fikiria huo mstari. Vizimba viwili vya katikati vina ngazi mbili kila kimoja. Vya pembeni vina moja tu.

Unajua nini kilitokea? Kwenye kizimba cha pembeni, dume mmoja mwenye nguvu alilala chini ya ile ngazi moja. Akawa anaamua nani anaingia. Majike wake wanapita, madume wengine anawafukuza, labda anaruhusu wachache wanaomnyenyekea. Huko ndani kukawa na utulivu. Mama wanajenga viota vizuri, watoto wengi wanaishi. Na wale waliofukuzwa wanaenda wapi? Katikati. Katikati kukafurika. Huko mama wakashindwa kumaliza viota, wakawaangusha watoto njiani wakiwabeba, na watoto wengi sana wakafa kabla ya kuachishwa maziwa.

Chumba ni kimoja. Aina ya panya ni moja. Chakula ni kile kile. Tofauti ni nani amelala kwenye ngazi. Yule panya wa pembeni angeweza kabisa kutengeneza video yake ya motisha, awaambie wa katikati wanakosa nidhamu, waamke saa kumi, waache kulaumu mazingira. Na wanaoamini wangekuwa wengi, maana kweli watoto wake wamenenepa.

Haya, sasa twende kwa jamaa wa dopamini.

Yeye anasema dopamini ni kemikali ya raha, umeitumia sana, imeisha au imeharibika, funga uirudishe. Wacha nikuonyeshe panya wanasema nini. Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan alifanya kazi na panya ambao dopamini yao ilikuwa imeondolewa karibu yote kwenye ubongo. Ukiwadondoshea maji ya sukari mdomoni, uso wao unaonyesha wameipenda, kama panya wa kawaida. Raha ipo. Kinachokosekana ni hamu ya kuiendea. Panya wa namna hiyo atakufa njaa na chakula kiko mbele yake, usipomlisha. Yaani dopamini inakusukuma kutaka, kutafuta, kuamka kitandani. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaka kuifunga. Ukipumzika na simu, vizuri sana, mimi pia napumzika. Lakini usidanganywe ati umeosha ubongo.

Ule wasiwasi kwamba ubongo unaweza kutekwa na raha una historia yake. Mwaka wa 1954, James Olds na Peter Milner, huko Montreal, waliweka waya mwembamba ndani ya ubongo wa panya, wakampa kitufe cha kujipigia umeme mwenyewe. Kuna panya walibonyeza zaidi ya mara elfu moja kwa saa. Baada ya hapo zikaja tafiti nyingi za panya na dawa za kulevya: panya yuko peke yake kwenye kizimba kidogo cha chuma, anabonyeza, anapata dozi, anabonyeza tena. Watu wakatoka na funzo moja: dawa ni kama pepo, ukionja umeisha.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Bruce Alexander na wenzake wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, wakauliza swali ambalo mtoto wa mtaa angeuliza: huyo panya angekuwa anafanya nini kingine? Yuko peke yake. Hana mwenzake, hana pa kukimbia, hana kitu cha kuguguna. Wakajenga uwanja wa mbao wa karibu mita tisa za mraba, mara mia mbili ya kizimba cha kawaida. Wakaweka vumbi la mbao, makopo ya kujificha, mipira, na panya kumi na sita hadi ishirini, wa kike na wa kiume. Wakauita Rat Park. Halafu wakawapa panya wa pande zote mbili chupa mbili, moja ya maji, nyingine ya mofini iliyotiwa sukari kuficha uchungu. Panya wa vizimbani wakainywa mofini zaidi sana. Wa uwanjani, hata sukari ilipoongezwa, wengi wakaendelea kupendelea maji.

Sasa mimi sitaki kufanya kile jamaa wa misuli anafanya, kwa hivyo sikiliza na upande wa pili. Waliojaribu kurudia Rat Park baadaye hawakupata jibu lile lile kila mara. Idadi ya panya ilikuwa ndogo, na vipimo vya uwanjani na vya kizimbani havikuwa sawa kabisa. Ukisikia mtu anasema Rat Park ilithibitisha kwamba dawa hazina nguvu, naye pia anakuuzia kitu.

Ila swali la Alexander halikufa. Mwaka wa 2018, Marco Venniro na wenzake huko Baltimore walichapisha jaribio lenye vipimo vikali zaidi. Walichukua panya waliozoea kujipa methamfetamini au heroini. Wakawawekea vitufe viwili. Kimoja kinaleta dozi. Kingine kinafungua mlango, upande wa pili kuna panya mwenzako, mnakaa pamoja dakika moja. Panya walichagua mwenzao. Hata wale walioonyesha dalili zote za uraibu. Lakini watafiti walipochelewesha ule mlango, ukibonyeza unangoja sana, au walipofanya kumfikia mwenzako kuambatane na kupigwa shoti, panya wakarudi kwa dawa.

Hapo ndipo napataka. Mlango ukiwa karibu, wanachagua mwenzao. Mlango ukiwa mbali na una maumivu, wanachagua dozi. Sasa fikiria mateja wa Mombasa tunaowapita tukishika pochi. Fikiria msee wa mtaani kwenu aliyeanza na jaba, akaenda kwa tembe, na sasa hata mamake haongei naye. Mlango wake uko mbali kiasi gani? Akijaribu kurudi kwa watu anapata nini, kiti au shoti? Sisi wenyewe ndio tunambonyezea umeme, halafu tunashangaa anarudi kwa kitufe cha kwanza.

Najua kuna msee ameshaanza kuandika komenti: "Kwa hivyo hakuna kujiwajibikia? Kila kitu ni mazingira?" Tulia. Sijasema hivyo. Panya wa Venniro walikuwa na uamuzi, na waliuchukua, ndiyo maana ya vitufe viwili. Ninachosema ni kwamba uamuzi una bei, na bei inawekwa na aliyejenga kizimba. Ukimpa mtu vitufe viwili, kimoja bei ya bure na kingine bei ya damu, usiniambie ulikuwa unapima tabia yake.

Mwingine anasema, "Panya si watu." Kweli kabisa. Hawana maandamano, hawana dini, hawana nauli ya kukopa. Lakini hiyo hoja mpelekee mjomba, yeye ndiye aliyeanza kutulinganisha. Na mahali panya wanatufaa kweli ni kwa yale ambayo kwao na kwetu yanafanana: dopamini ni ile ile, homoni za msongo zinafanya kazi kwa njia inayokaribiana, na madini ya sumu yanaingia kwenye seli za ubongo kwa mlango ule ule.

Tuongee msongo, kwa sababu hapo kuna mtu anatukanwa zaidi hata ya vijana. Mama zetu. Hasa waliotulea peke yao. Kila kijana akifanya vibaya, mtaa mzima unasema, "Hakulelewa." Sasa angalia panya. Michael Meaney na kikundi chake, Chuo Kikuu cha McGill, waliona kwamba kuna mama panya wanaowalamba na kuwachana watoto wao sana, na wengine kidogo. Watoto waliolambwa sana wakikua, wanastahimili msongo vizuri zaidi. Wakabadilisha watoto, wa mama huyu wakalelewa na yule, na mtoto akafuata malezi aliyopata. Mwaka wa 2004 wakaonyesha alama za kemikali kwenye jeni moja ndani ya ubongo, jeni inayosaidia kuzima mwitikio wa msongo. Malezi yalikuwa yameandika kitu pale.

Mtu akiishia hapo, atasema, "Ona! Mama ndiye tatizo." Usiishie hapo. Huyo mama analamba kidogo kwa nini? Kikundi hicho hicho kilionyesha kwamba mama aliyewekwa kwenye msongo akiwa mjamzito, hulamba watoto wake kidogo, hata kama zamani alikuwa wa kulamba sana. Na Tallie Baram wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, ana njia rahisi mno ya kuharibu malezi ya panya. Hampigi mama. Hamnyimi chakula. Anampunguzia tu matandiko ya kujengea kiota. Basi. Mama anaanza kwenda na kurudi, anaacha watoto katikati ya kuwanyonyesha, anatafuta matandiko ambayo hayapo. Hayuko mbali na watoto. Yuko pale pale, lakini kwa vipande vipande. Na watoto wakikua, ubongo wao unaonyesha, na kuna tafiti zimeona hata hamu yao ya kucheza na kufurahia vitu imepungua.

Mimi nimekulia Eastlands, kwa ploti ya chumba kimoja, na najua wamama wengi wa hiyo ploti. Wanatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kufua nguo za watu, wanarudi usiku, kodi imechelewa, keateka anabisha mlango, maji yanakuja Jumatano. Huyo ni mama amepunguziwa matandiko. Ukimwita mzembe kwa malezi, umekosea mara mbili: hujaelewa panya, na hujamwelewa yeye.

Halafu kuna mazingira ambayo hata huyaoni kwa macho. Nenda Owino Uhuru, Mombasa. Kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kati ya makazi ya watu, na risasi ikaingia hewani, kwa vumbi, kwa maji, kwa damu ya watoto. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi pale, mtoto wake akaugua, akaanza kupambana. Alikamatwa, akatishiwa, hakuacha. Mwaka wa 2015 akapewa tuzo ya Goldman, na mwaka wa 2020 mahakama ya mazingira ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Halafu zikaja rufaa juu ya rufaa, huku watu wanaishi na sumu mwilini.

Risasi inafanya nini kwa ubongo? Kwa panya tumeona. Inajifanya kalisi, inaingia pale kalisi inapopita, inaziba vipokezi ambavyo seli hutumia kushika kumbukumbu mpya. Panya aliyelishwa risasi akiwa mdogo anajifunza kwa shida akiwa mkubwa. Sasa fikiria mtoto kama huyo yuko darasani, hasikii, hashiki, anasumbua. Mwalimu ataandika nini kwa ripoti? "Mkaidi. Ajitahidi." Hakuna ripoti iliyowahi kuandika, "Apimwe damu."

Na hapa kuna habari njema, ndiyo iliyonifanya niandike hii kitu badala ya kulalamika tu kwa simu. Mwaka wa 2003, Tomás Guilarte na wenzake walichukua panya waliolishwa risasi utotoni, wakawahamishia kwenye vizimba vikubwa vyenye wenzao na vitu vya kuchezea. Shida yao ya kujifunza ikarekebika. Sumu ilikuwa imefanya kazi yake, na bado mazingira mazuri yakarudisha kitu.

Hilo lina mizizi ya zamani. Kuanzia miaka ya 1960, Mark Rosenzweig, Edward Bennett na Marian Diamond huko Berkeley walilinganisha panya wa kizimba kitupu na panya wa kizimba chenye wenzake na vitu vinavyobadilishwa kila siku. Gamba la ubongo la hao wa pili lilikuwa nene zaidi, na kemikali zake zilikuwa tofauti. Diamond akaendelea mpaka akaonyesha hata panya wazee ubongo wao bado unabadilika wakipewa maisha. Vilivyotumika vilikuwa magurudumu, ngazi na mwenzako wa kucheza naye. Hakuna aliyehitaji mashine ya bei kali.

Sasa niambie, vitu hivyo kwetu viko wapi?

Januari 2015, watoto wa shule ya msingi ya Langata Road walirudi shule wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Walipousukuma, polisi wakawarushia vitoa machozi. Watoto wa msingi, na sare zao. Nchi nzima iliona picha. Mwaka wa 1989 Wangari Maathai alitukanwa hadharani kwa sababu alikataa jengo la ghorofa sitini kusimamishwa Uhuru Park. Leo tunapumzika pale chini ya miti kwa sababu alikubali kuitwa kichaa. Kwetu mtaani hatukuwa na Wangari. Pale tulipochezea mpira pana ghorofa saba, na watoto wa sasa wanacheza kwa ngazi mpaka wafukuzwe kwa kelele. Halafu mtu huyo huyo anayewafukuza ndiye anayelalamika ati wanashinda kwa simu. Wacheze wapi, bana?

Kwa hivyo nataka tuache kununua kozi za kurekebisha panya, tuanze kudai kizimba. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi na yenye afya. Kaunti yako lazima iitishe maoni ya wananchi kabla ya kupitisha bajeti. Vile vikao huwa vimejaa wazee na watu wa kulipwa nauli, sisi tuko kejani tunaangalia video ya panya. Enda. Uliza maswali ya watu wa kawaida. Kiwanja cha umma cha wadi hii kiko wapi, na hati yake iko kwa jina la nani? Maktaba inafungwa saa ngapi? Nani anapima damu ya watoto wanaoishi karibu na mahali betri zinachomwa? Msee wa mtaa akitaka kuacha dawa, kliniki iliyo karibu iko umbali gani, na nauli ni ngapi?

Na kwa yale yaliyo mkononi mwetu, tufungue milango tunayoweza kufungua. Yule rafiki aliyepotea, mpigie. Usimpe mahubiri, muulize kama anakuja kucheki mechi. Kwa panya wa Baltimore, dakika moja na mwenzao ilitosha kushinda heroini, mradi mlango ulifunguka haraka.

Mjomba akituma tena ile video, usimtukane, ni mkubwa wako. Mjibu kwa heshima na maswali matatu: Mjomba, nani alijenga lile sanduku? Kwa nini lilikuwa halina mlango wa kutoka? Na kwenye ule mstari wa vizimba vinne, wewe ulikuwa umelala kwenye ngazi gani?

Halafu uje unieleze kwa komenti amejibu nini.